Lakiri ya Darasa la Saba

Baba yake Minza alisimama mlangoni mwa chumba cha mtihani na fimbo yake ya kuchungia, koti la mitumba likimfika magotini.

"Nimemfuata binti yangu. Ng'ombe wa mahari wameshafika."

Minza aliinamia dawati.

Bruda, mtawa aliyesimamia mtihani, alikuwa amezeekea ualimu huku Ufipa, na hakuwahi kupindisha sheria ya mtihani hata siku moja. Bahasha ikishafunguliwa, haingii mtu wala hatoki. Lakini saa ya kufungua ilikuwa bado, na bahasha ililala mezani, lakiri yake nyekundu haijaguswa.

"Minza, inuka!" Mzee akavuka kizingiti.

Bruda alibonyeza lakiri kwa kidole gumba. Baridi ilikuwa imeifanya ngumu kama mfupa. Akakaza, ikavunjika, vipande vikaruka hadi sakafuni.

"Mtihani umeanza, mzee," alisema. "Afande, mtoe nje."

Askari wa mlangoni aliitazama saa yake, akamtazama Bruda, kisha akamshika mzee mkono.

"Nitamsubiri hapa hapa," mzee alisema akiwa nje.

Bruda akaanza kugawa karatasi, taratibu kuliko miaka yote.