Jiwe la Buluu la Gesare

Jaffer alizima taa ya duka, akavuta pazia, na jiwe likaendelea kuwaka.

Alikuwa amelimulika dakika nzima kwa ile taa ya kukagulia noti bandia. Sasa hata hiyo ilikuwa imezimwa, lakini jiwe la buluu kwenye pete bado lilitoa mwanga hafifu, kama jicho la paka. Watu watatu walilitazama gizani: Jaffer mwenyewe, sonara wa siku nyingi mjini Kisii, Gesare, muuguzi aliyerudi kutoka Amerika wiki hiyo, na shemeji yake Zachariah, mwenye duka la mabati na saruji kule Keroka.

Aliyetaka pete ipimwe ni Zachariah. Mdogo wake Machogu, mume wa Gesare, alikuwa amefariki huko Amerika mwaka uliopita, na ukoo mzima ulingoja azikwe nyumbani Ikonge, kando ya baba yake. Badala yake Gesare alishuka kwenye ndege na mkoba mmoja tu. Alipoulizwa mumewe yuko wapi, alijibu kwamba Machogu ameshafika nyumbani. Wazee waliitikia amina, wakidhani anasema habari za mbinguni. Zachariah hakuitikia. Alikuwa ameiona pete.

Kwake yeye mambo yalikuwa wazi. Mwanamke huyu alikuwa amemwacha ndugu yao kwenye baridi ya ugenini, na nauli ya jeneza akainunulia kito. Gesare alijaribu kumweleza, mara ya kwanza sebuleni, mara ya pili njiani. Mara zote mbili alimkatiza.

Jaffer aliwasha taa, akaligusa jiwe kwa ncha mbili za kipima umeme. Mshale ukapanda. Akacheka peke yake kwa furaha, maana katika miaka thelathini ya usonara hakuwahi kukutana na kitu kama hicho. Aliwaeleza kwamba almasi ni kaboni, ndugu wa makaa na masizi, iliyobanwa kwenye joto kali hadi ikawa jiwe. Almasi nyeupe haipitishi umeme. Lakini chembe chache za boroni zikijipenyeza ndani, jiwe hugeuka buluu na umeme hupita. Na boroni si kitu cha ajabu, alisema. Imo kwenye mboga tunazokula, imo hata mifupani mwetu.

"Kwa hiyo ni almasi," Zachariah alisema.

"Ni almasi, mzee. Kama imechimbwa au imetengenezwa, hilo mpaka mwende maabara Nairobi. Lakini almasi ni almasi."

Kisha akamuuliza Gesare aliitoa wapi.

"Jiwe lililetwa na posta," Gesare alijibu. "Nilitia sahihi, nikakaa pale pale kwenye ngazi, nikalia."

Zachariah alisema hata yeye angelia, kama posta ingemletea almasi.

Walipotoka nje alimpa masharti yake. Yeye ndiye kifungua mimba, na Jumamosi wazee wangemsikiliza. Gesare akimwachia pete, atasimama mbele ya ukoo na kuifunga habari ya Machogu moja kwa moja: nyumba na shamba la majani chai vibaki vyake, na asiwepo wa kumuuliza lolote tena. Akikataa, aanze kufungasha.

Gesare aliitazama pete kwa muda mrefu. Kuivua kulimwia vigumu, na si kwa sababu ilimbana. Aliuliza swali moja tu: kama ataitunza.

"Kama damu yangu," Zachariah alisema, akaitia kwenye kidole chake cha mwisho.

Jumamosi boma la Ikonge lilijaa. Mchungaji alifungua kwa maombi, chai ikapita, kisha Zachariah akasimama. Aliongea akipunga mkono zaidi ya kawaida yake, na kila ulipopita juani watoto waligeuza shingo kuufuata. Alitangaza kwamba habari ya marehemu imekwisha, kwamba shemeji yake asisumbuliwe, na kwamba atakayeifufua tena atapambana na yeye. Wazee walinung'unika kidogo, wakakubali. Naibu wa chifu aliandika yote, na Zachariah akawa wa kwanza kutia sahihi.

Gesare akaomba kusema. Aliwashukuru wote, akamshukuru Zachariah kwa jina. Halafu akauliza kama vijana wawili wangeweza kuchimba shimo kando ya kaburi la baba mkwe, dogo tu, la kina cha mkono.

Mzee mmoja aliuliza shimo la nini.

"Machogu aliniomba achomwe. Nilimwambia kwetu hatufanyi hivyo, akasema basi niahidi tu kwamba hatabaki ugenini," Gesare alisema. "Kwa hiyo majivu yake niliyapeleka kiwandani, wakayabana kwenye joto miezi mitano."

Akamgeukia Zachariah, ambaye mkono wake ulikuwa umesimama hewani.

"Mvue taratibu, shemeji. Tumzike."