Teke la Kwanza la Kakakuona

Zamani, lakini si zamani sana, wanyama wa msitu mmoja walikuwa na kundi lao la karate kwenye simu. Desturi yao ilikuwa moja: mgeni akiingia, hutuma video ya teke lake la kwanza, na wenyeji humwambia karibu.

Nguchiro, hodari wa mateke na mwepesi wa kucheka, ndiye aliyewahi kuifungua video ya Kakakuona. Mgeni huyo aliinama kwa heshima, akarusha mguu, magamba yakamwelemea, akaanguka chali, puu!

"Ndugu, hii ni karate au gunia limedondoka?" Nguchiro akaandika. Kundi zima likaangua kicheko, naye kichwa kikamvimba.

Kakakuona akajibu, "Shikamoo, kaka Nguchiro. Niliitazama video yako ya kwanza, ile ya zamani. Nawe ulianguka, ukalia, wakakuambia karibu. Ndiyo iliyonipa moyo nikajiunga. Samahani kwa kuwasumbua."

Nguchiro akaitafuta video ile. Kweli, alikuwa yeye, mkia juu, pua mchangani, na chini yake wenzake wamemwandikia karibu, mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyecheka. Uso ukamshuka kwa aibu. Akayafuta maneno yake upesi, akaandika, "Karibu sana, mdogo wangu."

Ngiri, aliyekuwa amecheka kuliko wote, akauliza, "Unamkaribisha nani? Mwenzio ameshatoka."