Kitufe cha Kijani

Waziri alipomaliza kusema kwamba bila mashine za akili bandia nchi itaachwa nyuma sokoni, meneja wa kiwanda cha nguo alikaribishwa aziwashe. Kidole chake kiliganda juu ya kitufe.

Mbele ya mafundi cherehani alisimama dada yake, aliyemlea tangu utotoni.

"Mdogo wangu, zikiwaka hizo, sisi tunakwenda wapi?"

"Sijui, dada. Tusipowasha, wanunuzi wote watahamia nchi jirani, tufunge kabisa."

Dada akasogea, akamshika mkono. Ncha za vidole vya dada zilikuwa ngumu, zimechomwachomwa na sindano miaka nenda miaka rudi.

"Unatetemeka," alimnong'oneza, kisha akakikandamiza kidole cha mdogo wake mpaka kitufe kikazama.