Madoa ya Bi Kidawa

Zama zile kuku walipokuwa wakijitungia sheria, Bi Kidawa, tetea mweusi mwenye maneno kuliko banda zima, alipitisha yake: kanga wote walale nje kwa nguchiro. "Wenye madoadoa ni wezi wa mtama."

Mwenye nyumba naye akamwekea yai la kanga aliatamie. Kifaranga wake wa pekee akaota madoadoa.

"Sheria ni yako, Bibie," alisema Jogoo, aliyempenda tangu ujana. "Mtoe."

Bi Kidawa akaenda jikoni, akagaagaa kwenye majivu, akarudi na madoa mwili mzima.

"Haya, tutoe sote."

Jogoo akawapisha mlangoni, wakaingia kulala.

"Mama," kifaranga alinong'ona chini ya bawa, "madoa yako hayatoki?"

"Yanatoka nikijikung'uta, mwanangu. Ndiyo maana nimetulia."