Wingu Halina Masikio

Kila wingu jeusi lilipochungulia nyuma ya mlima, watu wawili walitoka mbio kijijini. Bibi Jerica alikimbilia kanisani kupiga kengele, radi iende zake. Daktari Boštjan alikimbilia mashine zake, akiomba radi ije.

Kiangazi chote bibi ndiye aliyeshinda.

Boštjan alikuwa mtafiti wa radi, kijana wa mji wa Ljubljana mwenye miguu mirefu kama korongo. Alifunga vipimo kwenye mnara wa televisheni kule kileleni, na nguzo ya kunasia mawimbi nyuma ya zizi la Bibi Jerica, aliyempangisha chumba nyumbani kwake. Radi ikipiga mnara, alieleza, hewa yote hutikisika kwa nguvu za umeme na sumaku, hata huku bondeni, ingawa mtu hahisi kitu. Alitaka kuupima mtikisiko huo kule juu na huku chini, kwa pigo lile lile. Pigo moja tu lingemtosha. Lakini mawingu yalikuja, yakanguruma, kengele ikalia, yakageukia bonde la jirani.

"Daktari," jirani yao Lovro alimtania, ameegemea uzio, "andika tu kwamba kengele imekushinda, urudi mjini ukaoe."

"Wingu halina masikio," Boštjan alijibu. "Kengele ni shaba tu."

"Basi mbona linageuka?" akauliza Bibi Jerica.

"Bahati, bibi."

"Bahati ya nani, mwanangu?"

Si kwamba alimchukia, la. Alimpenda kama mjukuu. Alimfumia hata soksi za sufu, za kijivu zenye visigino vyekundu, maana zile za mjini zilikuwa nyembamba kama karatasi. Lakini kengele ni kengele. Mama yake aliipiga, na mama wa mama yake, na mvua ya mawe haikuwahi kuwalaza njaa.

Kisha siku moja alimkuta Boštjan anakunja nyaya na kuzipanga sandukuni, midomo imemshuka.

"Wakubwa wamechoka kungoja," alisema. "Jumamosi gari linakuja kuchukua kila kitu. Kusoma kote kule, bibi, nitaonyesha nini? Picha za mawingu?"

Bibi akamwita mezani. Alimwongezea supu.

Ijumaa mchana alimwona akitoka kanisani, nywele zimejaa vumbi na utando wa buibui. Akashangaa, maana huyu Jumapili zote alikuwa akizilala.

"Umeenda kusali, Bwana Radi?"

"Kidogo, bibi." Akapita haraka.

Alasiri wingu likaja, jeusi kama sufuria ya kuni. Upepo ukagonga madirisha. Bibi Jerica akajitupia shali, akakimbia hadi kanisani, akaishika kamba.

Akaitazama. Nyasi zimeshaingia ghalani. Viazi viko ardhini, havina wasiwasi. Akamfikiria yule kijana na sanduku lake.

Akaiachia kamba. Akaketi kwenye benchi, akamwomba marehemu mama yake msamaha, na huko nje mbingu zikapasuka.

Asubuhi Boštjan aliingia jikoni akicheka peke yake. Mnara umepigwa! Vipimo vya juu na vya chini vimeliona pigo lile lile! Gari litarudi tupu!

Bibi akamkatia potica, mkate wake mtamu wa jozi. Ndipo alipomtazama miguuni: mguu mmoja soksi ya kijivu, wa pili ya buluu.

"Vipi, soksi moja imeomba talaka?"

"Imelowa," alisema, akaificha miguu chini ya kiti. "Na wewe bibi, jana... ulipiga kengele?"

"Niliipiga mpaka mikono ikafa ganzi!" Bibi Jerica hakuwa mwongo, ila leo ilimbidi. "Upepo tu ndio uliomeza sauti."

Boštjan akapaliwa na chai. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akamtazama bibi kama mtu mwenye swali kooni ambalo halitoki wala halimezeki.

"Basi umeona mwenyewe," alisema. "Kengele ni shaba tu."

"Nimeona, mwanangu. Wingu halina masikio."

Jumapili Bibi Jerica alivuta kamba kuwaita watu misani. Kengele ikasema pu. Akavuta tena kwa nguvu. Pu.

Akapanda ngazi taratibu, magoti yakimlaumu kila kidato, akainua macho. Ulimi wa kengele ulikuwa umevaa soksi: ya kijivu, yenye kisigino chekundu.