Cherehani Chini ya Khanga

Afisa wa ruzuku alipoingia kibandani, Bi Mwatumu, mshona sare za shule, aliacha kuzungusha cherehani yake ya mkono, akaenda pembeni na kufunua khanga. Chini yake kulikuwa na cherehani ya umeme, bado imo ndani ya nailoni yake.

"Kagua, mwanangu," alisema kwa fahari. "Mwezi wa nne huu, haijashona hata kitufe. Naifuta vumbi kila asubuhi."

Afisa huyo kijana alizitazama sare zilizorundikana zikingoja kushonwa. "Mama, kwa nini huitumii?"

"Mali ya serikali hiyo! Siku mkija kuichukua, mnikute sijaiharibu."

Afisa akafungua faili, akamwonyesha Bi Mwatumu jina lake. "Hii ni ruzuku, Mama, si mkopo. Serikali imekupa. Hakuna atakayekuja kuichukua."

Bi Mwatumu akaushika mkono wa kijana kwa mikono yake miwili, akaushikilia. Hapo akauona mfuko wa koti lake, umechanika.

"Vua koti."

"Haturuhusiwi kupokea zawadi, Mama."

"Nani kakupa zawadi? Si umekuja kukagua kama mashine inafanya kazi?"

Nailoni ikachanwa. Cherehani ikanguruma, na mfuko ukashonwa kabla kijana hajapata pa kukaa. Bi Mwatumu akacheka peke yake, akaupitisha mkono juu ya mshono.

Kisha akaichukua ile khanga, akaiendea cherehani yake ya mkono, akaifunika taratibu, kama anavyofunikwa mtu aliyepitiwa na usingizi kwa uchovu.