Mwalimu Aliyeruka Dirisha

Mwalimu Luhende aliruka dirisha. Mlango ulikuwa wazi, na ofisi ya mkuu wa shule haikuwa ikiungua moto. Lakini alipomwona Mama Kabula akiingia getini na mkoba wake, alijirusha nje, akakatiza katikati ya mahindi ya shule na kupotea.

Mkuu wa shule, Mwalimu Eustace, alibaki ameshika kichwa. Haikuwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kanga. Wafadhili waliitoa kwa sharti: Ijumaa ofisa elimu angetoka Sumbawanga kuja kukagua mpango wa somo la kompyuta wa kidato cha kwanza na cha pili, na kumwona mwalimu wa kulifundisha. Asipoukuta mpango, anaipakia kwenye Landrova anaondoka nayo. Na hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mambo yalikuwa yameanza vizuri mno. Luhende, mwalimu wa hesabu, alichaguliwa kufundisha. Mama Kabula, aliyewahi kuwa katibu muhtasi wa shirika la wakimbizi kule Mishamo, alikubali kumfundisha yeye kwanza. Kwa kuwa shuleni hakuna umeme, Eustace aliamua kompyuta ikae kwa mama huyo, mtaa wa Majengo wenye umeme, na Luhende awe anakwenda huko kila jioni. Mwezi mzima wawili hao walikaa benchi moja wakiuandaa mpango huo: kuwasha na kuzima, kuchapa, kutunza kazi kwenye disketi. Kijana alikuwa akirudi usiku anatabasamu peke yake. Eustace akashukuru Mungu kwa kupata mtu anayependa kazi.

Jumatatu kompyuta ilipohamishiwa shuleni, kijana akageuka. Hata jina la Mama Kabula hakulitaja tena.

"Mmegombana?" Eustace alimuuliza.

"Hapana, mkuu. Yule mama namheshimu sana."

"Unamheshimu halafu unaruka dirisha?"

Luhende aliangalia viatu vyake. "Naomba tu tusikae chumba kimoja."

Eustace aliona hasira zinampanda mpaka kooni. Alishawajua vijana wa namna hii, wakishapata diploma hawataki kuelekezwa na mwanamke. Angekuwa na mwalimu mwingine angemfukuza siku hiyo hiyo. Hakuwa naye.

Basi Alhamisi hiyo, Luhende alipotolewa kwenye mahindi, mkuu akaamua kuwa tarishi. Luhende akae ofisini na kompyuta. Mama Kabula akae chumba cha walimu, ng'ambo ya uwanja. Yeye, mtu mzima mwenye kitambi na tai shingoni, apeleke maswali na kurudisha majibu.

"Afadhali hivyo," alisema Mama Kabula, upesi kuliko mkuu alivyotarajia.

Walianza. Jenereta ya kuazima kutoka parokiani ilinguruma barazani. Eustace alivuka uwanja na swali, akarudi na jibu, akavuka tena. Shati lilimganda mgongoni. Wanafunzi walichungulia madirishani wakicheka, na yeye akawatukana kimoyomoyo, wao na wazazi wao.

Ilibaki kazi ya mwisho, kuongeza mada moja kwenye mpango uliokuwa ndani ya disketi. Luhende akatoa kichwa mlangoni.

"Mkuu, disketi inagoma kusomeka. Inauliza nifomati. Muulize, nifomati?"

Eustace akavuka.

"Asifomati!" Mama Kabula aliruka kwenye kiti. "Itafuta kila kitu! Mwambie aitoe, aifute vumbi, airudishe."

Mkuu alikuwa amechoka miguu. Alifika katikati ya uwanja, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele kushinda jenereta:

"Usifomati!"

"Nifomati?"

"Usifomati!"

Luhende akainua dole gumba, akarudi ndani. Eustace alipofika mezani, disketi ilikuwa safi kama imetoka dukani. Kazi ya mwezi mzima hakuna. Luhende alikuwa amekaa, machozi yanamlengalenga.

"Nimesikia *ufomati*, mkuu."

Eustace aligeuka. Alivuka uwanja kwa mara ya mwisho, sasa akikimbia, na sauti ikamtoka kabla hajaingia.

"Mama, kesho kompyuta inaondoka! Watoto wangu wataisikia redioni tu! Niambie leo hii, huyu kijana amekukosea nini hata msiweze kukaa chumba kimoja?"

Mama Kabula alijifunika uso kwa upande wa kanga. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na mkuu hakujua kama analia au anacheka.

"Hajanikosea kitu, mwalimu. Jumamosi baba Kabula kapokea ng'ombe wake wa mahari ya Kabula. Sasa kwa mila zetu nitakaaje benchi moja na mkwe wangu?" Akashusha kanga. "Na si wewe mwenyewe uliyemtuma awe anakuja nyumbani kwangu kila jioni?"